Wakili wa Baltimore na Mipaka ya Karatasi
(Hotuba kwa wanafunzi wa sheria na mawakili vijana, Mombasa)

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote. Walimu wangu mlioketi mbele, shikamooni. Mawakili wenzangu, na ninyi vijana mliojazana huko nyuma mpaka dirishani, karibuni.

Nilipoombwa nizungumzie maisha ya wakili aliyepambana na ubaguzi wa rangi, najua wengi walitega sikio wasikie jina la Mandela au la Oliver Tambo, waliokuwa na ofisi yao ya uwakili Johannesburg. Leo mtaniwia radhi. Nimemchagua Mmarekani mweusi, Thurgood Marshall, kwa sababu ana sehemu yake katika historia ya katiba ya Kenya, na nadhani ni wachache humu waliofundishwa hivyo. Mwaka 1960 aliwaandikia wajumbe wetu wa Kiafrika rasimu ya sura ya haki za binadamu. Na ndani ya rasimu ile, mtu aliyetumia ujana wake wote kuwatetea weusi mbele ya mahakama za Wazungu, alitia ulinzi wa Wazungu na Wahindi wa Kenya dhidi ya serikali ya Waafrika iliyokuwa inakuja. Nitafika huko. Kwanza tumjue mtu mwenyewe.

Alizaliwa Baltimore, jimbo la Maryland, mwaka 1908. Baba alikuwa mhudumu wa treni, baadaye wa klabu ya Wazungu. Mama alikuwa mwalimu. Yeye mwenyewe alikuwa mtundu wa kupindukia. Shuleni kwake mtoto akikosa alipelekwa chumba cha chini pamoja na nakala ya katiba ya Marekani, asitoke mpaka ahifadhi kifungu. Marshall alisimulia kwamba kabla ya kumaliza shule alikuwa ameihifadhi katiba nzima. Sisi tuliopita chuoni kwa maalimu tunajua habari ya kuhifadhi kabla ya kuelewa. Maana huja baadaye, na pengine huja na hasira.

Hasira ya Marshall haikuchelewa. Chuo Kikuu cha Maryland kilikuwa na kitivo cha sheria palepale mjini kwao, lakini mweusi hakupokelewa. Akaenda Howard, chuo cha weusi kilichoko Washington, akipanda treni alfajiri na kurudi usiku. Husimuliwa kwamba mama yake aliweka rehani pete zake za ndoa ili karo ipatikane. Akamaliza mwaka 1933, wa kwanza katika darasa lake. Miaka miwili baadaye alirudi Baltimore mahakamani, bega kwa bega na mwalimu wake, kumtetea kijana mweusi aitwaye Donald Murray, aliyekataliwa na kitivo kilekile. Mahakama ikaamuru Murray apokelewe. Ushindi wake wa kwanza mkubwa ulikuwa na harufu ya kisasi, na mimi simlaumu.

Mwalimu huyo ni Charles Hamilton Houston, aliyekuwa mkuu wa kitivo pale Howard. Houston aliwaambia wanafunzi wake kwamba wakili ama ni mhandisi wa jamii, ama ni kupe. Tena hakuwa na subira na mwanafunzi mvivu. Alisafiri na Marshall majimbo ya kusini kwa gari, wakikagua shule za weusi, wakipiga picha mabanda yaliyovuja, wakihesabu vitabu na madawati. Kazi ya kuchosha, isiyo na makofi. Lakini hapo ndipo kesi zao zilipozaliwa, kabla hakimu yeyote hajaketi.

Sheria waliyokuwa wakiifukuzia ilianzia kwenye treni. Mwaka 1896, katika kesi ya Homer Plessy wa Louisiana, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema si kosa kuwatenga weusi na weupe katika mabehewa, mradi mabehewa yawe sawa. Mbalimbali, lakini sawa. Wazee wetu waliopanda daraja la tatu kutoka Mombasa kwenda Nairobi wanaijua hesabu hiyo, ila kwetu hakuna aliyejisumbua hata kudanganya kwamba ni sawa.

Msidhani Marshall alikuwa wakili wa kiyoyozi. Mwaka 1946 alikuwa Columbia, Tennessee, katika kesi za weusi walioshtakiwa baada ya ghasia mjini humo. Katika kundi la kwanza, washtakiwa karibu wote waliachiliwa, na kuna Wazungu ambao jambo hilo liliwakaa kooni. Jioni moja ya Novemba, kesi za mwisho zikiwa zimekwisha, Marshall na wenzake walikuwa wakiondoka mjini. Polisi wakawasimamisha, wakamkamata yeye peke yake, eti ameendesha gari akiwa amelewa. Wakamtia katika gari lao, wakawaamuru wenzake waendelee na safari ya Nashville, kisha wakakata kona kwenye njia ya vumbi inayoshuka mtoni. Kila mweusi wa Tennessee alijua mtoni kulikuwa na nini. Wenzake wakakataa kuondoka. Wakageuza gari, wakafuata nyuma, wakang'ang'ana. Polisi walipoona wana mashahidi, wakarudi mjini, wakamfikisha kwa hakimu mzee, naye akamnusa mdomo, akasema huyu hajalewa, akamwachilia. Vijana, nataka mfikirie hapa. Aliyeokoa maisha ya wakili mkubwa kuliko wote wa Wamarekani weusi usiku ule si kifungu cha katiba. Ni mawakili wenzake waliokataa kwenda Nashville.

Sasa niwapeleke Clarendon, jimbo la South Carolina, ambako nitakaa kidogo, kwa kuwa ndiko ninakokupenda zaidi.

Clarendon ilikuwa wilaya ya mashamba ya pamba. Kwa mwaka wa masomo wa 1949 na 1950, mtoto mweupe alitengewa dola 179 za elimu, mtoto mweusi dola 43. Watoto weupe walikuwa na mabasi 30 ya shule. Weusi hawakuwa na hata moja, na wako waliotembea maili 9 kwenda shule. Wazazi walichanga wakanunua basi kuukuu, likawa linaharibika kila siku. Wakaenda kwa wakubwa kuomba angalau mafuta. Wakajibiwa kwamba weusi hawalipi kodi ya kutosha, na si haki kuwabebesha Wazungu mzigo wa basi lao.

Mkulima mmoja, Levi Pearson, akakubali jina lake liwekwe kwenye kesi. Hakutaka kuchanganya watoto, hakutaka mapinduzi; alitaka basi. Mabwana wa mji wakamnyima mkopo wa mbolea, na msimu wa mavuno hakuna aliyemkopesha mashine ya kuvunia. Halafu mwaka 1948 kesi ikatupwa nje. Mnajua kwa nini? Shamba la Pearson lilikuwa limekaa juu ya mpaka wa wilaya mbili za shule. Watoto wake walisoma upande mmoja, kodi yake ikahesabiwa upande wa pili. Basi hana haki ya kushtaki. Hakuna mahali popote palipoandikwa "mweusi". Ni mpaka tu, mstari kwenye ramani, usio na rangi wala chuki.

Wekeni alama hapo, tutapatumia tena.

Marshall hakuondoka. Aliwaambia watu wa Clarendon kwamba safari hii hataki mlalamikaji mmoja wa kuonewa, anataka ishirini. Mchungaji Joseph De Laine akazunguka nyumba kwa nyumba kukusanya sahihi. La kwanza kwenye orodha lilikuwa jina la Harry Briggs, mfanyakazi wa kituo cha petroli, mwanajeshi wa zamani wa vita vikuu. Akafukuzwa kazi. Mke wake, Eliza, aliyekuwa mtumishi katika nyumba ya wageni, akafukuzwa pia. Nyumba ya De Laine ilichomwa moto, na baadaye kanisa lake. Sisi mawakili tunapenda kusema "kesi yangu". Marshall alipanda treni akarudi New York. Briggs alibaki Clarendon, bila kazi, na watoto wa kulisha. Kesi ilikuwa ya nani?

Kulikuwa na jaji mmoja Charleston, Waties Waring, Mzungu wa ukoo wa zamani wa mji ule. Yeye ndiye aliyemsukuma Marshall aache kuomba mabasi na madawati, ashambulie utengano wenyewe. Mwaka 1951 majaji watatu wakaisikiliza kesi. Wawili wakaamua dhidi ya Briggs. Waring akaandika peke yake kwamba kutenganisha kwenyewe ni kukosa usawa. Jamii yake ikamtenga, naye akahamia New York. Hukumu ya mtu mmoja aliyeshindwa, na miaka mitatu baadaye ikawa ndiyo hukumu ya nchi.

Katika kesi hiyo Marshall alimleta Kenneth Clark, mwanasaikolojia mweusi, aliyewaonyesha watoto mwanasesere mweupe na mwanasesere wa kahawia akawauliza yupi mzuri na yupi mbaya. Watoto weusi wengi waliuchukua uzuri wakampa mweupe. Kama ushahidi wa kitaalamu, nakiri mimi ningeubabaisha mtihani ule kwa maswali matatu, na hata baadhi ya mawakili wa upande wa Marshall waliucheka. Lakini Mahakama ya Juu iliusikia.

Kesi ya Briggs iliunganishwa na nyingine za Kansas, Virginia, Delaware na Washington. Jina lililobaki katika historia ni Brown, la mzazi wa Kansas, ijapokuwa Clarendon ndiyo iliyolipa bei. Tarehe 17 Mei 1954, majaji wote 9 walisema kwa sauti moja kwamba katika elimu ya umma, mbalimbali haiwezi kuwa sawa. Houston hakuiona siku hiyo, alifariki 1950. Mke wa Marshall, Vivian, ambaye wote walimwita Buster, aliiona, lakini alikuwa amebeba saratani kimyakimya ili asimwondoe mumewe kwenye kazi. Akafariki Februari 1955.

Hapo ndipo Tom Mboya, mmoja wa viongozi wa Waafrika wa Kenya, alipompata: wakili mashuhuri kuliko wote wa haki za weusi duniani. Mboya hakuwa ametimiza hata miaka 30.

Mkumbuke Kenya ya Januari 1960. Hali ya hatari ndiyo kwanza inaondolewa rasmi. Kenyatta bado amefungiwa kaskazini. Mji huu wetu una shule za Wazungu, za Wahindi, za Waarabu na za Waafrika, kila moja na bajeti yake, Clarendon ya bahari. Marshall akafika Nairobi kuonana na wale aliotakiwa kuwashauri. Alipofuatana nao kwenye mkutano Kiambu, maofisa wakamzuia mlangoni, hana kibali. Akaomba angalau awasalimu watu waliokuwa nje. Wakakubali. Akapaza sauti, akatamka neno moja: "Uhuru!" Umati ukalipuka, maofisa wakajuta.

Kisha London, Lancaster House, kwenye mkutano wa katiba ya Kenya. Ujumbe wa Waafrika uliongozwa na Ronald Ngala, mtu wetu wa huku Pwani, na Mboya akiwa katibu. Wazungu wa Kenya walikuwa kama 60,000, Wahindi mara mbili na zaidi ya hapo, Waafrika mamilioni. Hofu mezani ilikuwa moja: Mwafrika akishika serikali, atatufanyia tulichomfanyia. Mboya na wenzake walihitaji jibu, na Marshall akawaandikia. Rasimu yake ilikuwa na usawa mbele ya sheria, ilikuwa hata na haki za elimu, afya na kazi, mambo ambayo katiba ya nchi yake haikuyataja. Na ilikuwa na kifungu cha mali: serikali haichukui mali ya mtu bila fidia ya haki, na mwenye mali ana njia ya moja kwa moja kwenda mahakamani.

Waswahili tumesema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Marshall aliukataa mchezo huo. Maisha yake yote alikuwa wakili wa wachache mbele ya serikali ya walio wengi. Alipofika kwetu, wachache walikuwa weupe na matajiri. Yeye akauliza swali lilelile la Clarendon: nani hapa kesho hatakuwa na kura za kutosha kujilinda? Akaandika kwa ajili yake. Na akiwa hukohuko London, Februari mosi, wanafunzi wanne weusi waliketi kwenye meza ya chakula ya Wazungu katika duka la Woolworth huko Greensboro, wakagoma kuondoka. Mwenye duka alidai ni mali yake, ampe chakula amtakaye. Kwa hiyo upande mmoja wa bahari Marshall anailinda mali, na upande wa pili mali ndiyo inayowafukuza watoto wake. Mwanzoni aliyumba kuhusu wale vijana, kwa kuwa duka lilikuwa mali binafsi. Kisha ofisi yake ikawatetea.

Rasimu yake haikuingia katika katiba ya uhuru neno kwa neno. Waingereza walikuwa na waandishi wao. Lakini wazo la sura ya haki yenye ulinzi mzito wa mali lilisimama. Aliporudi Kenya mwaka 1963 alisikia wenye maduka wa Kihindi wakilalamika kwamba wanasukumwa, na alisimulia baadaye kwamba aliwaendea viongozi akawakumbusha walichokubali.

Hawakukumbuka sana. Mwaka 1967 Bunge letu lilipitisha sheria ya uhamiaji na sheria ya leseni za biashara. Someni sheria hizo: hamtakuta neno "Mhindi". Mtakuta "asiye raia". Mpaka mwingine wa karatasi, usio na rangi wala chuki. Katika miezi michache, maelfu ya watu wenye pasi za Uingereza wakawa uwanja wa ndege wa Nairobi na masanduku. Na Uingereza, ambayo ilijitapa Lancaster House kwamba inawajali, ilipitisha haraka sheria ya kuwafungia mlango, ikaanza kazi Machi mosi 1968. Hiyo nayo haikutaja Mhindi. Ilitaja mahali alipozaliwa mzazi au babu yako. Mwaka uleule wa 1967, Marshall alikuwa ameapishwa kuwa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama ya Juu ya Marekani.

Miaka yake ya ujaji, 24, nitaipita haraka, kwa kuwa sehemu kubwa aliishi akiandika maoni ya upande ulioshindwa. Moja tu niitaje. Mwaka 1974, kesi ya Milliken, kutoka Detroit. Wazungu walikuwa wamehamia vitongojini, shule za mjini zikabaki za weusi. Mahakama ya chini ikataka watoto wachanganywe kuvuka mipaka ya wilaya za shule. Majaji 5 kwa 4 wakakataa: kila wilaya na mambo yake. Marshall aliandika kwa uchungu kwamba watoto wasiposoma pamoja, watu hawatajifunza kuishi pamoja. Mnaona ni nini kilichomshinda? Kilekile kilichomshinda Levi Pearson mwaka 1948.

Sasa niseme ninalotaka kusema juu ya Marshall, wala sitamwonea haya. Alikuwa hodari kuliko wakili yeyote wa zama zake wa kuuliza: mpaka huu amechora nani, na alipouchora alikuwa akimwangalia nani? Lakini alipokuja kwetu kulikuwa na mstari mmoja ambao hakuuuliza hivyo. Hati miliki.

Ardhi ya nyanda za juu iligawiwa walowezi kwa sheria za ardhi ya Taji, yaani ya ufalme wa Uingereza, za 1902 na 1915, ile ya pili ikiruhusu ukodishaji wa miaka 999. Huku kwetu, mwaka 1908, mwaka aliozaliwa Marshall, ikaja sheria ya hati za ardhi ya Pwani: mwenye dai ajitokeze aliandikishe, kisichodaiwa ni cha Taji. Mmijikenda aliyelima ardhi ya ukoo hakuwa na mahali pa kuandikisha ukoo. Haikusemwa "Mgiriama asimiliki". Ilisemwa "aliyeandikisha". Halafu 1960 anakuja wakili mwema, anaandika kwamba mali isichukuliwe bila fidia, na kila karatasi ile, iliyopatikana vyovyote ilivyopatikana, inapata kinga. Waafrika waliokuja kupewa mashamba chini ya mpango wa ekari milioni moja waliyalipia, kwa mikopo ya Waingereza. Jirani yangu hapa kando ananinong'oneza kwamba Marshall angefanya nini, wajumbe walihitaji kukubaliana. Ni kweli. Bila kifungu kile huenda London ingewachelewesha. Nasema tu kwamba Levi Pearson angemuuliza.

Katiba yetu ya 2010 imemuuliza. Fungueni kifungu cha 40. Ibara za mwanzo ni Marshall mtupu: haki ya kumiliki, fidia ya haki na ya haraka, haki ya kwenda mahakamani. Kisha shukeni mpaka ibara ya 6: haki hizi hazihusu mali ambayo imebainika kupatikana kinyume cha sheria. Ongezeni kifungu cha 67, kinachoipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria.

Tatizo ni neno "imebainika". Ibainike na nani? Kwa ushahidi gani, ikiwa babu aliyefukuzwa hakuandika? Na kinyume cha sheria ipi, ikiwa sheria ya 1908 ndiyo iliyoruhusu? Hapa ndipo mtakapoombwa kusimama, ninyi mlio dirishani, mkimtetea skwota wa Kilifi leo, na kesho, msikwepe, mkimtetea mwenye nyumba wa Kihindi au Mwarabu ambaye kundi la watu limekwenda kumtoa kwa nguvu. Mkianza, anzeni kama Houston: pigeni picha, hesabuni, ingieni katika masjala ya ardhi mkasome majalada yenye vumbi, mjue nani aliandikishwa na nani aliachwa nje.

Nimeishia hapo. Mwenyekiti ameniashiria kwamba kuna nusu saa ya maswali. Naomba tuanze na wale waliotoka Kwale na Kilifi, maana najua wana maswali ya ardhi, na najua watataka kunibishia juu ya ile sheria ya 1908.